Pamba Kali, Mashine Inanuka

Wasee wa Nairobi wanajua kuvaa. Hio sitaki ubishi. Msee anaamka saa kumi usiku, anadunda Gikomba, anashika kamera, zile nguo za kwanza kuchaguliwa, kabla bale ifunguliwe vizuri, anarudi na hudi moja ina maana. Anaifua, anaanika kwa ruf, anaipiga pasi. Alafu siku ya kuivaa mvua inanyesha, watu wanafunga madirisha ya mathree, na ile hudi inaanza kutoa uvundo wa kitambaa kimelala mbichi.

Hio si jasho. Mwenyewe ameoga, amejipaka deo, nguo ilitoka kwa kamba jana. Harufu ni ya mashine. Iliingia kwa nguo ikifuliwa, ikakauka nayo, ikangoja maji kidogo tu iamke. Na mwenye nguo haiskii, ju pua inazoeanga kitu ya kila siku. Anaiskia mtu amekaa kando yake, na hawezi mshow, ju ataanzia wapi?

Hii maneno inaniuma ju naona wasee poa wakiaibika bure. Msee anaanza kujishuku mwili, anabadilisha sabuni ya kuoga, anaoga asubuhi na jioni, na mwili wake hauna makosa yoyote. Wengine wanakimbilia softena ya bei kali, wanamwaga vifuniko viwili mahali pa kimoja. Nguo inanukia maua siku moja, kesho yake uvundo umerudi, saai umechanganyika na maua. Harufu ya mashine haifunikwi. Inatolewa. Inataka mikono, brashi ya meno imezeeka na maji moto, na haitaki ganji mob.

Kitambo mashine ya kufua ilikuwa kitu ya mababi. Siku hizi unaipata kwa wan bedi Roysambu, kwa bedsita Kahawa West, kwa keja za Rongai na Ruaka, imebanwa kati ya sinki na mlango wa choo. Wengine wako na twin tabu, ile ya mapipa mbili, moja ya kufua na ingine ya kukamua. Wengine wako na otomatiki ya kufungulia juu. Wale wamejipanga wako na ile ya mlango wa mbele. Ukinunua, msee wa duka anakuletea hadi kwa mlango, anakuonyesha waya inaingia wapi na sabuni inaingia wapi, anaishia. Hakuna mtu anakushow ati mashine yenyewe pia huoshwa. Watu wanaamini kitu inashinda kwa sabuni na maji lazima iko safi.

Skiza vile inaendanga. Ile dramu ya chuma yenye mashimo, hio unaona ukifungua mlango, iko ndani ya pipa ingine kubwa. Katikati ya hizo mbili hauonangi, na mkono haufiki. Hapo ndio mafuta ya ngozi, taka ya soksi, nyuzi za nguo, sabuni haikuyeyuka na softena zote zinakutana. Zinashikana kwa ukuta, zinakuwa utelezi. Ndani ya huo utelezi bakteria na ukungu zinaishi raha mustarehe, zimejificha hadi sabuni ikipita haiziguzi. Kila ukifua, kavipande kanabanduka, kanaingia kwa tisheti yako.

Mwaka wa 2012 watafiti wa Japan walichapisha kazi yao wakataja bakteria moja kwa jina, Moraxella osloensis. Inakula jasho na mafuta yenye ilibaki kwa kitambaa, alafu inatoa asidi ndio hio uvundo unaskia. Kitu ilinigonga kwa huo utafiti ni hii: hio bakteria inavumilia kukaushwa, na inavumilia miale ya jua kushinda zingine nyingi. Ndio maana nguo inakauka kwa ruf, unaiweka puani unaskia iko fiti, alafu ukivaa, ukatoa jasho kiasi ukikimbilia basi, inaamka.

Miaka mbili baadaye, 2014, watu wa Chuo Kikuu cha Ghent kule Ubelgiji waliwapa watu 26 tisheti, wakawaweka kwa baiskeli za gym hadi wakalowa. Walipolinganisha hizo nguo, polista ilinuka vibaya kushinda kotoni, ju kuna bakteria zinaitwa Micrococcus zinaipenda sana. Sasa angalia kabati yako. Jezi ya timu, leggings, traki, hudi yenye imechanganywa. Nusu ya hio pamba ni polista. Kwa hivyo kizazi yetu inavaa kitambaa inashika harufu, alafu inaifua kwa mashine inazalisha harufu. Lazima tuwe makini kushinda mathe zetu, wenye walifua leso na vitambaa vya kotoni kwa karai.

Chakula ya huo utelezi tunaileta sisi wenyewe, na ya kwanza ni sabuni. Sabuni ya unga ya kufua na mkono imetengenezwa itoe povu mob, ju mtu wa karai akiona povu anajua kazi inaendelea. Kwa mashine povu ni ngori, hasa hio ya mlango wa mbele. Nguo zinaelea kwa povu badala ya kugongana. Povu inapanda mahali maji haifiki, na mashine ikisuuza inaiacha huko. Tafuta pakiti imeandikwa ni ya mashine otomatiki. Alafu punguza mkono. Kwa mzigo wa kilo saba anza na vijiko vitatu vya kula, uongeze tu kama nguo imetoka kwa matope. Kama hauamini, chukua taulo yenye unaita safi, iweke kwa mashine na maji moto bila sabuni hata chembe. Chungulia. Ukiona povu imejaa kwa kioo, hio ni sabuni ya wiki jana na ya juzi, na umekuwa ukijipangusa nayo.

Softena nayo ni kama mafuta. Kazi yake ni kushika kwa kitambaa iteleze, na inashika kwa pipa vile vile. Kwa taulo na nguo za gym wachana nayo kabisa, ju inafanya taulo ikatae maji na polista ishike harufu zaidi.

Alafu kuna baridi. Najua tokeni zinauma, na najua ile programu ya dakika 15 imeokoa wasee mob Jumapili jioni. Lakini ukifua kila kitu na maji baridi mwezi baada ya mwezi, mafuta haiyeyuki, na hakuna kitu inakufa huko ndani.

Na maji yenyewe ya hii mji. Kuna mitaa maji ya mfereji inakuja siku kadhaa za wiki tu, na pressure iko chini. Mashine inafika kwa kusuuza, mfereji unakauka, nguo zinalala kwa maji ya sabuni hadi asubuhi. Wale wa Syokimau na Kitengela wako na maji ya borehole, na mara nyingi ni maji ngumu, imejaa chumvi za mawe. Hizo chumvi zinashikana na sabuni, na maji ikipata moto zinakuwa ile kitu nyeupe ya kukwaruza unaona kwa birika, na utelezi unapata mahali pa kushika vizuri.

Sasa kazi. Nilikuwa kwa keja ya kazo yangu Zimmerman siku fundi alikuja, mzee mmoja mpole na begi ya turubai. Kazo alikuwa ashaamua mashine imemada, anataka kuiuza. Mzee hakugusa kitu juu. Alichomoa waya kwa soketi, akachuchumaa, akagonga kamlango kadogo kako chini upande wa kulia.

"Madam, hapa umefungua lini?"

"Kwani hapo hufunguka?"

"Leta karai na kitambaa ya kupangusa. Na ufungue mlango wa balkoni."

Alikafungua na sarafu. Ndani kulikuwa na kapaipu kembamba ka raba, akakavuta, akatoa kizibo, maji ikaanza kutiririka kwa karai. Ilikuwa rangi ya chai ya mkandaa imekaa wiki. Harufu ilitupata sote kwa koo. Maji ilipokata, akazungusha kile kifuniko kikubwa kando yake, mos mos, ikatoka filta. Ilikuwa imevaa utelezi wa kijivu kutoka juu hadi chini, na ndani yake kulikuwa na waya ya sidiria, pini mbili, nywele za braids zimejisokota, tikiti ya paking haisomeki tena, na coin ya mbao imekuwa nyeusi. Mzee aliosha ile mbao kwa mfereji, akamwekea kazo kwa kiganja. Alafu akamulika lile shimo na tochi ya simu, akaingiza kidole, akazungusha kapanga kadogo ka pampu kuona kama kako huru.

"Hii haijakufa," akasema. "Ilikuwa inakunywa uchafu wake."

Alimlipisha soo tano. Hio kazi yote unaeza ifanya mwenyewe kwa nusu saa, bure, kila baada ya mwezi moja ama mbili. Chomoa waya kwanza, usiifungue kama imetoka kufua na maji moto, na usizungushe hio filta kabla maji iishe kwa kapaipu, ama utafurika hadi kwa jirani wa chini.

Ukimaliza hapo panda kwa raba ya mlango. Hii, kama hio filta ya chini, ni ya wale wa mlango wa mbele. Shika hio raba uivute nje, uikunjue yote mzunguko mzima, hasa pale chini. Kuna kashimo ka kutolea maji huko, na mara nyingi kamezibwa na nywele na nyuzi. Utapata weusi unateleza. Loweka kitambaa kwa maji yenye Jik kidogo, kibane ndani ya mkunjo, kiache dakika kumi, alafu sugua na ile brashi ya meno na usuuze. Yale madoa meusi imeingia ndani ya raba yenyewe inaeza kataa kutoka. Usijisumbue sana nayo. Utelezi ndio lazima utoke.

Droo ya sabuni nayo hutoka yote. Kuna mahali pa kubonyeza katikati, kwa ile nyumba ya softena, unabonyeza unavuta. Watu wanaosha droo wanasahau shimo lake. Inama uchungulie dari ya hilo shimo, pale maji inanyunyizia. Nimeona ukungu huko umening'inia. Hapo ndio kila maji inaingia kufua nguo yako inapitia kwanza.

Kwa hio pipa mkono haufiki, tumia moto. Mashine ya mlango wa mbele iko na hita. Iweke tupu, programu ndefu kabisa, 90 digri, ama 60 kama haifiki hapo. Inakula unit moja hadi mbili za stima hivi, na unafanya mara moja kwa mwezi. Hapa Nairobi, ju tuko juu, maji inachemka kitu 94 hivi, kwa hivyo 90 ni karibu mchemko kamili na utelezi hauna pa kujificha. Kama shida yako ni mafuta na softena, weka magadi ya kufulia ndani ya dramu, kikombe moja. Hio ni sodiamu kaboneti, kitu yetu kabisa. Kampuni ya kuivuna pale Ziwa Magadi, Kajiado, ilianzishwa 1911. Inakata mafuta na inalainisha maji ngumu. Nunua ile imesafishwa, si yale mawe ya kulainisha githeri, hayo yako na mchanga. Kama shida ni chumvi ya borehole, tumia asidi ya sitriki, vijiko vinne vitano vya kula. Kama ni ukungu, Jik kikombe nusu, na hapo usitumie moto mkali.

Sasa hapa nataka unisikize na masikio yote mawili. Chagua moja. Usiwahi changanya Jik na siki, ama na limau, ama na asidi ya sitriki, ama na dawa kali ya kuosha choo. Ikikutana na asidi, Jik inatoa gesi ya klorini, ile ile jeshi ya Ujerumani ilifungulia askari wa upande ule mwingine pale Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Kwa bafu ya ploti yenye dirisha ni kama kitabu, hio si mchezo. Usimwage Jik kwa nepi zimejaa mkojo pia, hapo inatoka gesi ingine inachoma mapafu. Ukitumia Jik leo, suuza mashine tupu mara mbili, asidi ingoje siku ingine.

Na ile video ya kuchanganya siki na bakin soda, inachemka vizuri inapendeza macho. Moja ni asidi, ingine inaua asidi. Zikishamaliza kuchemka umebaki na maji ya chumvi hayana nguvu ya kusafisha chochote. Siki yako weka kwa kachumbari.

Wa twin tabu na otomatiki bila hita, form yenu ni hii. Chemsha maji kwa gesi, lakini usimwage ikiwa inachemka, pipa ni plastiki na itajikunja. Ichanganye na baridi hadi mkono uweze kuigusa kidogo tu na kutoka. Jaza pipa hadi juu, weka ile bleach ya oksijeni, ya unga, yenye huwekwa kwa nguo za rangi, izungushe dakika kumi, alafu izime uiache saa moja ilowe. Ukiiwasha tena utaona vipande vyeusi vinaelea, vyembamba, vimejikunja. Usiogope. Hizo ndio zimekuwa zikikupaka nguo. Chota na kichujio cha chai chenye hautatumia tena, mwaga, rudia hadi maji itoke safi. Kama kuna kamfuko ka wavu ka kushika nyuzi, kageuze ukaoshe kila siku ya kufua.

Kuna harufu ingine si ya utelezi. Ukiskia mayai yameoza, hasa asubuhi kabla ufue ama baada ya kusafiri wiki, angalia paipu ya kutoa maji. Keja nyingi hazikujengwa zikifikiria mashine. Msee anachukua hio paipu anaisukuma hadi ndani kwa shimo la sakafu ya bafu, anaifunga na nailoni, na hapo mashine imeunganishwa moja kwa moja na bomba la maji taka ya ploti nzima. Hewa ya huko inapanda hadi kwa dramu. Hio paipu inafaa kupanda kwanza, sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni, alafu ishuke kwa bomba lenye ile kona ya kushikilia maji, yenye mafundi wanaita trapu. Hayo maji kwa kona ndio yanazuia hewa ya taka. Na isizame, sentimita kumi na kitu zinatosha. Mwambie keateka. Trapu ni ya jengo, haifai kutoka kwa mfuko wako, na kama majirani wa juu na chini wanaskia harufu ile ile, nendeni pamoja.

Baada ya hapo kazi ni kidogo. Ukimaliza kufua toa nguo hapo hapo. Pangusa raba, acha mlango na droo wazi hadi ndani kukauke. Kama kuna mtoi kwa keja, acha kanafasi kadogo tu na uchomoe waya, ju watoi wanapenda kuingia humo. Taulo na shuka zifuliwe 60. Julai, jua ikikataa na unaanika ndani ya keja, kamua mara mbili na uachanishe nguo kwa kamba hewa ipite.

Na mama fua usimsahau. Yule mathe anakaa kwa geti na wenzake akingoja kazi anasuuza maji matatu, anageuza nguo ndani nje, anajua jua iko upande gani wa ruf saa ngapi. Nguo zake hazinukangi. Kama unampea mashine yako aitumie, mshow kila kitu kuhusu sabuni na filta, na ukimtuma aisugue hio raba, mwongezee doh yake. Hio ni kazi juu ya kazi.

Nguo zenye zishashika uvundo bado zinaokoka. Maji ya moto kiasi, bleach ya oksijeni, zilale humo usiku mzima, asubuhi zifuliwe kwa mashine imeshaoshwa. Jezi ikikataa, rudia mara ya pili bila softena.

Kama unatafuta mashine ya mtumba, zile zimetoka Uingereza ama zimeuzwa na mtu anahama, enda mchana. Weka kichwa yote ndani ya dramu uvute pumzi. Kunja raba uangalie chini. Mwambie muuzaji afungue kale kamlango ka chini mbele yako, na karai iwe hapo. Akianza kukuambia filta ya hio modo haifunguki, toka na ganji yako.